"Natokea Tanga, lakini..." Tupeane uzoefu: unautajaje mji wako mbele za watu?

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni muda sasa, nimeona nililete hapa, hasa kwa wana Tanga popote mlipo.

Mwezi uliopita nilikuwa Dodoma kwenye mafunzo ya kazini. Tulikuwa watu kama thelathini, tukaambiwa kila mmoja ajitambulishe na aseme anatokea wapi. Wa Mbeya akasema Mbeya. Wa Bukoba aliitaja Bukoba mpaka ukadhani anataja Makka. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Natokea Tanga, lakini nimekulia Dar."

Uongo mtupu. Nimezaliwa Bombo, nimekulia Ngamiani barabara ya kumi na mbili, Dar nimefika nikiwa na ndevu zangu. Kabla sijakaa, jamaa wa nyuma akatupia, "Majini hawajambo huko?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda wote.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Si kwa sababu ya utani, utani tumeuzoea toka utotoni. Ni hiyo "lakini". Nani alinituma? Hakuna aliyeuliza nimekulia wapi. Nimeomba radhi na kosa sijalitenda.

Toka siku hiyo nimekuwa nikijisikiliza, nikiwasikiliza na wenzangu. Tanga nzuri lakini imelala. Tanga kuna bahari lakini hakuna hela. "Lakini" zikituishia tunahamia kwenye "ilikuwa": ilikuwa na viwanda, ilikuwa na mkonge, ilikuwa na taarabu.

Leteni yenu. Sitaki hotuba za uzalendo. Nataka kisa: ulikuwa wapi, ukasema nini, ukajisikiaje.

Mama Wawili wa Ilemela
Umenigusa pabaya kaka. Nimeolewa Mwanza mwaka wa tisa huu. Wiki ya kwanza ukweni mama mkwe alikuwa hali chakula changu. Nikipika anasema ameshiba, mara tumbo linamsumbua, mara amefunga, na ni mkristo wala si Kwaresima. Nikadhani ni nazi, maana huku watu wengi hawajaizoea. Nikapika bila nazi. Bado.

Kumbe wifi yake alishamwambia mwanamke wa Tanga akishaingia jikoni mume kwisha habari, na ukoo mzima pamoja naye. Limbwata! Mimi ambaye mtihani wa kemia nilipata sifuri, nitajulia wapi kuchanganya dawa?

Ila niseme ukweli wangu, maana mwanzisha mada ameomba kisa na si malalamiko. Sifa ileile ndiyo iliyoniolesha. Mume wangu alipoanza kunifuata, rafiki zake walimwambia, "Mtoto wa Tanga huyo, umepata." Nami nikaitumia! Nikawa nanyoosha maneno, "jamani mume wangu", sauti chini, wakati nyumbani kwetu Makorora nilikuwa nafokea wadogo zangu mpaka majirani wanachungulia. Kwa hiyo sifa nikiipenda naivaa, isiponifaa naivua. Mama mkwe yeye aliivaa upande wa ndani nje, basi.

Alikuja kula siku niliyokuwa naumwa na yeye ndiye akapika. Alinipakulia, akakaa ananitazama, kisha akala na mimi sahani moja. Hakusema kitu na mimi sikuuliza.

Mstaafu wa Gatini
Mwanangu Mtoto wa Ngamiani, mimi ni katika hao wa "ilikuwa", na sioni kama nina kosa. Wewe hukuusikia mji huu ukiwa macho.

Nilianza kazi bandarini mwaka 1974, karani wa kuhesabu shehena. Alfajiri baiskeli zilikuwa zinamiminika barabarani kama kumbikumbi, huyu anakwenda kiwanda cha mbolea, huyu saruji, huyu chuma, huyu sabuni. Ukisema unatokea Tanga, mtu wa bara alikuwa anakuuliza kama kuna nafasi za kazi. Majini hakuyauliza.

Vijana wanadhani mji ulirogwa. Mji haukurogwa. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000, na sehemu kubwa ilipita hapa. Zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, mashamba yakabadilishwa wamiliki baada ya 1967 na mengi hayakupata matunzo. Kufika mwisho wa miaka ya tisini tulikuwa tunazungumzia tani 20,000 hivi. Viwanda navyo vikafunga kimoja kimoja. Nilipokwenda kudai stahili za marehemu kaka yangu katika kimojawapo, sikitaji, nilimkuta mlinzi na mbuzi watatu.

Sasa nikwambie lililonitikisa. Enzi zangu hizo ninazozisifu, meli kubwa haikufika gatini. Ilitia nanga nje huko katikati ya ghuba, mzigo ukashushwa kwenye matishari, tishari likavutwa mpaka ukutani, mzigo ukashushwa tena. Kazi moja mara mbili. Miaka ya karibuni wamechimba kina kutoka mita 3 hadi 13, meli inakuja kufunga hapa hapa. Nilimpeleka mjukuu wangu kuona. Akaniuliza, "Babu, kwani zamani zilikuwa zinasimama wapi?" Nikamwonyesha kule mbali kwa kidole. Akacheka. Hakuamini kwamba babu yake alikuwa anajisifia bandari ambayo meli haifiki.

Basi nami nikacheka. Lakini sijaacha kusema "ilikuwa", mnisamehe.

Kijana wa Ngarenaro
Mimi si mwenyeji, ni wa Arusha, naomba nafasi nami niseme.

Nilihamia Tanga 2019, nafunga mitambo ya jua na pampu za visima. Nilipofika nikatafuta chumba Chumbageni. Mwenye nyumba, mzee mpole kabisa, akanikaribisha barazani, kahawa ikaja, kashata ikaja. Tukamaliza bei. Nikiwa nahesabu hela akaniuliza taratibu, kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, huko kwenu umekosana na nani?"

Nikamwambia sijakosana na mtu, nimekuja kutafuta maisha. Akamwita mkewe aje anione. Wallahi. "Njoo umwone, ametoka Arusha kuja kutafuta maisha Tanga." Mama naye akaja, akanitazama, akasema, "Masikini." Akanipunguzia elfu kumi.

Toka hapo nimehesabu. Fundi cherehani, mwenye genge, mpaka askari wa barabarani, wote wakigundua natoka Arusha swali ni hilohilo: umefuata nini? Arusha ukihamia hakuna anayekuuliza umefuata nini, wanakuuliza kodi. Ninyi wenyeji ndio mnaoutukana mji wenu, tena mbele ya mgeni, tena huku mnamkirimu. Sijawahi kuona watu wanaomkaribisha mtu vizuri namna hii kwenye kitu wasichokiamini.

Kazi ninayo, ya kutosha. Nimeajiri vijana wanne, wote wa hapa. Wawili kati yao wanapanga kwenda Dar.

Mkwakwani Jukwaani
@Kijana wa Ngarenaro umetuchana bila ganzi.

Kisa changu kifupi. Coastal Union tunacheza na mojawapo ya zile timu mbili za Kariakoo, uwanja wetu, Mkwakwani. Nimevaa jezi yangu. Kulia kwangu jirani yangu wa mtaani, kushoto mjomba wangu wa damu, mbele yangu muuza samaki ninayemjua toka nikiwa mdogo. Tukafungwa. Wote watatu wakaruka juu kushangilia. Mjomba akanikumbatia kwa bahati mbaya!

Nikamuuliza, "Mjomba, wewe Mdigo wa Mwahako, Kariakoo umezaliwa lini?" Akanijibu, "Hawa wetu nawaombea mema, lakini presha yangu siwezi kuwapa wao."

Na hao "wetu" ndio waliochukua ubingwa wa Bara 1988. Msimu wa 2023/24 tukamaliza nafasi ya nne, tukaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka ule mjomba aliniazima jezi. Hajairudisha, na sijui kama niidai au nimwachie.

Mdigo wa Likoni
Mabibi na mabwana wa Tanga, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Nawasoma nacheka peke yangu kwenye feri.

Huku Mombasa hayo yote mwaliyoyasema twaambiwa sisi. Wavivu, wachawi, wapenda raha, twalala mchana. Nyie mna "Tanga raha", sisi tuna "Mombasa raha". Tofauti ni moja. Raha yetu ilitiwa kwenye mabango ikauzwa kwa wageni, mpaka sisi wenyewe kuingia ufuo mwingine twatazamwa na askari wa hoteli kama tumekuja kuiba mchanga. Yenu haijauzwa bado. Shangazi yangu ameolewa Tanga, nikimzuru Raskazone naoga baharini hakuna wa kuniuliza naenda wapi. Msiharakishe sana kutaka sifa.

Mwalimu wa Insha
Nafundisha Kiswahili sekondari hapa jijini, shule siitaji. Nilisoma mada hii Jumamosi, Jumatatu nikawapa kidato cha pili insha: "Mji wangu". Nikawakataza kitu kimoja tu, wasiandike kuhusu Dar, maana nawajua.

Nimesahihisha insha arobaini na moja. Kwa mwalimu wa sarufi lililojitokeza lilikuwa kama kidonda usoni. Karibu nusu wameandika "Tanga ilikuwa". Hao wamekaririshwa na akina Mstaafu wa Gatini, shikamoo mzee. Waliobaki, wengi wao, wameandika "Tanga itakuwa". Itakuwa na mafuta, itakuwa na maghorofa, itakuwa kama Dubai. Haya yametokana na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lile la kilomita 1,443 linaloishia hapa Chongoleani. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017, watoto hawa walikuwa wadogo, wamekua nalo masikioni.

Wakati uliopita upo, wakati ujao upo. Wakati uliopo niliutafuta kwa tochi. Nikaupata kwa binti mmoja anayekaa njia ya Machui, ameandika kwamba kila asubuhi anapanda daladala na akina mama wenye ndoo za samaki, na akifika shule sketi inanuka, na wenzake wanamcheka, na yeye hajali kwa sababu mmoja wa akina mama hao humlipia nauli akikosa. Hakuandika Tanga nzuri wala mbaya. Nimempa alama za juu kuliko wote.

Nilimwita nikamuuliza kama anajua kaburi la Shaaban Robert liko huko huko Machui kwao. Akasema anajua, huwa wanapita. "Ila mwalimu, sikujua kama hiyo nayo ni ya kuandika kwenye insha ya mji."

Mchokozi wa Kange
Mwalimu umenifanya nikae vizuri.

Ila wakuu mbona hakuna aliyegusa ule msemo wetu wenyewe, "waja leo waondoka leo"? Tunaupaka kila mahali kwa fahari, na mgeni akiusoma anasikia "hapa hapakaliki".

Mkwakwani Jukwaani
Ule ni wa mpira bwana. Timu inakuja leo, inapigwa, inaondoka leo leo na aibu yake.

Mama Wawili wa Ilemela
Mpira wapi! Bibi yangu alikuwa anausema na mpira hajawahi kuutazama. Kwake maana yake ni mgeni anayesema anapita tu, waja leo na kuondoka leo, kumbe miaka arobaini yuko hapa na wajukuu. Ni kejeli ya mapenzi.

Mstaafu wa Gatini
Sisi bandarini tuliwaambia mabaharia. Walikuwa kweli wanaondoka.

Mtoto wa Ngamiani
Msemo mmoja maana tatu, na kila mmoja ana yake toka nyumbani. Mimi baba yangu aliutumia kunifukuza rafiki zangu waliokaa sana sebuleni.

Nawashukuru wote. Nilidhani nitapata visa vya kuchekwa na watu wa nje, nimepata vingi vya kujicheka wenyewe, na ndivyo vilivyoniuma zaidi. Wiki ijayo nakwenda Morogoro, mafunzo mengine. Bila shaka tutaambiwa tujitambulishe tena. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, mke wangu anadhani nimepata wazimu. "Natokea Tanga." Nukta. Ni ngumu kuliko inavyoonekana, ulimi unatafuta pa kwenda.

Kijana wa Ngarenaro
Mkuu ukifika Morogoro utupe mrejesho.

Nami nina mrejesho wangu. Nimepata kiwanja Pongwe, jana nimekwenda kumuaga mwenye nyumba wangu, kwamba mwisho wa mwezi nahama. Mzee akasikitika sana. Akamwita mkewe, "Nilikwambia huyu hatakaa." Nikamwambia mzee wangu, sirudi Arusha, nahamia Pongwe, nimenunua kiwanja, nimeshamwaga na mawe ya msingi.

Kimya. Kahawa ikapoa. Kisha mama ndiye aliyeuliza, "Pongwe hii hii yetu? Umekosana na nani?"