Bomba la moshi limenguruma juzi usiku. Naweza kuwasha jiko leo?

Swali
Wakuu, habari za jioni. Juzi usiku jiko langu la kuni lilianza kunguruma ghafla kama lori linalopanda mlima. Nikatoka nje, nikaona cheche zinaruka juu ya paa. Nikarudi nikaziba matundu ya hewa ya jiko, na baada ya kama dakika 10 kukawa kimya. Jana nimekwangua masizi kadiri mkono ulivyofika. Jiko naliona zima, na baridi ni kali. Niwashe?

Jibu
Usiwashe, ndugu yangu. Kazi yangu ni kusafisha mabomba ya moshi, na mngurumo huo ndio moto wenyewe. Kilichoungua si masizi makavu ya kukwangua. Kuni zikiwa mbichi, au ukibana hewa ili jiko lifukute hadi asubuhi, moshi hupoa ukiwa njiani na kuganda ndani ya bomba kama lami nyeusi inayong'aa. Hiyo ikiwaka, joto laweza kupita nyuzi 1,000. Bomba la udongo hupasuka, la chuma hupinda kwenye maungio, na wewe uliye chini huoni kitu. Ukiwasha leo, moto unaweza kupata ufa wa kufikia mbao za dari, na hewa ya sumu isiyo na harufu ikaingia mnakolala. Apatikane fundi apitishe kamera kwanza.

Kuziba hewa ulifanya vyema. Ila zimamoto hukuwaita? Watu wote nje, halafu simu, hata kama kumetulia. Moto hujificha darini kwa saa nyingi.

Jibu
Mimi moto wangu wa bomba niliumwagia ndoo ya maji. Mvuke ukanirudia usoni, bomba likapasuka. Nyusi zimeota tena, bomba nimenunua jipya.

Muulizaji
Pole sana. Zimamoto niliona aibu kuwaita, kumbe! Kuni nilizipasua miezi 2 iliyopita.

Jibu (fundi tena)
Miezi 2! Basi mchawi tumempata. Zipasue, zipange huku pembeni pakiwa wazi, funika juu tu, uziache angalau miezi 6. Za mti mgumu mwaka au zaidi. Gonganisha vipande viwili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa kishindo kizito. Ukiwa na kipimo cha unyevu, kisome chini ya asilimia 20. Na bomba lifagiliwe kila mwaka, au mapema zaidi tabaka la masizi ndani likifika milimita 3.

Muulizaji
Nimegonganisha sasa hivi. Kishindo kitupu. Leo tunalala na mablanketi.