Netsuke ya ng'ombe yenye saini ya Tomotada: ya kale kweli au feki?

Kijaluba: Wakuu, naomba ushauri. Muuzaji aliyeko Uingereza ana netsuke (kinyago kidogo cha Kijapani cha kuvaliwa mshipini) ya ng'ombe aliyelala, pembe ya ndovu, sentimita 6, saini ya Tomotada, mchongaji wa Kyoto, karne ya 18. Nikague nini kabla ya kulipa? Na itafika Dar bila kero?

FundiSeremala: Saini iache mwisho, anza na tumbo. Kimono, vazi la Kijapani, hakina mifuko, hivyo kifuko cha tumbaku kilining'inizwa kwa kamba iliyopita nyuma ya mshipi, na netsuke ikakaa juu kama kizuizi. Omba picha ya matundu ya kamba hapo tumboni. Mara nyingi moja ni pana kuliko lingine, ili fundo lizame humo. Kingo ziwe zimelainika. Zikiwa kali kama za jana, shtuka. Kama hakuna tundu, na kamba haiwezi kupita katikati ya miguu, hiyo ni okimono, pambo la mezani tu.

Tazama pia ulikaji. Mgongo na pua hulainika, mikunjo ya ndani hubaki na michoro yake. Feki huwa imelika kila mahali sawasawa, kisha ikapakwa kahawia.

Mzee wa Lenzi: Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Feki ya rezini, aina ya plastiki inayomiminwa kwenye kalibu, huwa na mshono na viputo. Pembe ya ndovu, pale ilipokatwa kukingama, ina mistari kama wavu inayokatana kwa zaidi ya nyuzi 115. Ya mamothi, jamii ya tembo iliyotoweka, huwa chini ya 90. Kupima kwa sindano ya moto usithubutu: inaacha kovu.

Kijaluba: Na saini?

FundiSeremala: Haithibitishi kitu. Kitabu cha Soken Kisho cha 1781 kilishasema ng'ombe wa Tomotada wanaigwa sana. Angalia mbavu chini ya ngozi, na kwato zilizokunjwa chini ya tumbo, ambako mwigaji huchoka. Wakusanyaji wanalipia hapo: mnyama mzima anaenea kiganjani, ukimgeuza upande wowote amekamilika.

Bibi Forodha: Mkuu, usilipe. Tangu Juni 2022 Uingereza imezuia biashara ya pembe za ndovu, hata za kale, isipokuwa misamaha michache. Kitu kilichochongwa chote kwa pembe ya ndovu kinahitaji cheti cha msamaha. Muulize anacho? Halafu kuna vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa Bongo ukikutwa nayo bila kibali ni kesi ya nyara za serikali. Tafuta ya tsuge, mti mgumu wa Kijapani, mathalani vyura wa mafundi wa Yamada, eneo la Ise, Japani. Jino la kiboko nalo lina masharti yake, usidanganyike.