Safari ya Mombasa Desemba: gumzo la ukoo kuhusu nauli, nyumba na matumizi

Kikundi: Ukoo wa Bi Zuhura

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Hesabu ya wanaokwenda Mombasa imefika tisa: wakubwa sita na watoto watatu, wa miaka 12, 7 na 2. Tunaondoka tarehe 18, tunalala siku tano. Mwenye kujua njia ya kupunguza gharama aandike hapa, tusijejadiliana stesheni.

Ami Twaha: Marahaba mwanangu. Anza na treni. Madaraka Express daraja la kawaida ni 1,500 Nairobi hadi Mombasa tangu Januari 2024. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu, chini ya miaka 3 halipi ila anapakatwa. Huyo wa miaka 12 ni mtu mzima kwa treni, usimhesabu nusu.

Rehema: Kwa hiyo saba kwa 1,500 ni 10,500. Wa miaka 7 ni 750. Jumla 11,250 kwenda, na kurudi vilevile. 22,500.

Juma: Na gari langu je? Lina viti saba. Mafuta tu.

Ami Twaha: Piga hesabu yote Juma, usipige nusu. Kilomita kama 490. Gari lako likiwa limejaa watu na mizigo halitakupa zaidi ya kilomita 10 kwa lita, kwa hiyo lita 49. Chukulia lita ni 180: ni 8,820 kwenda tu, 17,640 kwenda na kurudi. Wawili hawana kiti, wapande treni, 6,000. Ushafika 23,640, na bado hatujataja sevisi, matairi, wala chakula cha njiani pale Mtito Andei.

Juma: Lakini tutakuwa na gari kule.

Ami Twaha: Hiyo ndiyo faida yake ya pekee. Kama mnakaa Bamburi na kwenda baharini kwa miguu, gari litalala siku tatu chini ya mwembe.

Juma: Haya. Ila kwa atakayeendesha: EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, hutangaza bei kila tarehe 14, na bei mpya hudumu mwezi mzima. Ukisikia inapanda, jaza tangi siku hiyohiyo kabla ya usiku. Na kurudi jaza Mombasa, usingoje Nairobi. Mombasa huwa chini kwa shilingi kadhaa kwa lita kwa sababu mafuta yanashukia huko, hayajalipiwa safari ya bomba.

Nuru: Mimi naendelea mpaka Malindi. Treni bado inanifaa?

Ami Twaha: Wewe angalia basi la moja kwa moja. Treni inakushusha Miritini, nje ya mji. Utalipa matatu mpaka kisiwani, kisha nyingine ya Malindi, kilomita kama 120. Ukijumlisha nauli tatu na kubeba mizigo mara tatu, basi linaweza kuishinda treni kwa bei na kwa kuupumzisha mgongo. Ila bei ya basi hupanda na kushuka kwa siku. Ukingoja tarehe 22 au 23 utalipa watakavyo wao. Nauli ya treni haipandi kwa sababu ya Krismasi, kinachopotea ni nafasi.

Rehema: Nafasi zenyewe naona zinakwisha haraka.

Ami Twaha: Ndiyo, kata leo. Piga *639# au ingia kwenye tovuti ya shirika la reli lenyewe, ulipe kwa M-Pesa papo hapo. Mambo matatu huharibu:

Jina na namba ya kitambulisho lazima viwe vya msafiri mwenyewe. Usikate tiketi zote kwa kitambulisho chako, mtu atarudishwa langoni.

Usinunue kwa mtu anayesema anazo tiketi za ziada. Hata zikiwa za kweli, zina jina la mtu mwingine.

Tiketi ya kurudi kata pamoja na ya kwenda. Wengi hukwama Mombasa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, wanaishia kulipa basi bei mara mbili.

Rehema: Asubuhi, alasiri au usiku? Nilidhani ya usiku inatuokolea gharama ya kulala.

Shangazi Mwanaisha (Kisauni): Nimefika. Rehema mwanangu, hiyo ya usiku haikuokolei kitu. Inaingia Miritini kabla ya alfajiri. Matatu ni chache saa hizo, teksi wanajua huna pa kwenda, na nyumba ya kukodi hukabidhiwa mchana. Mtakaa na watoto na mizigo barazani kwa watu. Ya alasiri nayo inaingia usiku, watoto wamelala mabegani. Panda ya asubuhi. Inasimama vituo vya njiani, Emali, Kibwezi, Voi, kwa hiyo si ya haraka, lakini inafika mchana wakati nyumba iko tayari na matatu zimejaa.

Nuru: Shikamoo Shangazi. Kutoka Miritini mpaka Bamburi wanatoza ngapi?

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Teksi usiulize bei ukiwa umesimama na begi mkononi. Watu tisa ni teksi mbili au tatu. Bora nikukodishieni matatu moja ya viti 14 kutoka huku, bei tukubaliane siku mbili kabla, ije iwangoje nje ya lango. Mkitaka rahisi kabisa, pandeni matatu ya mjini kisha nyingine ya Bamburi, lakini kila begi kubwa linalokalia kiti makanga atalitoza kama mtu.

Ami Twaha: Nairobi pia, msianze na teksi. Kuna treni ya mjini kutoka stesheni kuu hadi Syokimau inayounganishwa na treni ya Mombasa. Muwe Syokimau saa nzima kabla. Mizigo hupangwa chini kwa mstari mbwa wanuse, kisha inapita kwenye mashine. Pombe, visu na manukato ya kopo la kupuliza vinachukuliwa palepale.

Bi Zuhura: Kisu changu cha maembe je

Ami Twaha: Kiache nyumbani mama.

Shangazi Mwanaisha: Visu viko huku mama, hata mbuzi ya nazi iko.

Bi Zuhura: Haya. Chai nitabeba kwenye chupa. Sinunui chai ya treni.

Rehema: Sasa nyumba. Nimeona moja Bamburi, vyumba vitatu, mwenyewe anataka nusu ya pesa leo kwa namba yake ya simu.

Shangazi Mwanaisha: Usitume hata shilingi. Nipe mahali ilipo niende nikaingie ndani kwanza. Desemba picha ya nyumba moja huzunguka kwa matapeli watano. Na si kuingia tu, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kukubali bei:

Tokeni za umeme ni za nani?
Gesi iko kwenye mtungi, na ni ya kilo ngapi? Mtungi wa kilo 6 kwa watu tisa unaweza kuisha kabla ya siku tano mkipika pilau.
Kuna pesa ya usafi juu ya bei?
Bei ni ya nyumba au ya kichwa? Wengine husema ya nyumba, ukifika wanahesabu watoto.

Juma: Tokeni zitakuwa ngapi? Umeme tu.

Shangazi Mwanaisha: “Umeme tu” ndio unaomaliza watu. AC moja ya chumba ikifanya kazi kwa nguvu inakula karibu yuniti moja kwa saa. AC mbili kwa muda wa saa nane ni yuniti 16. Weka shilingi 30 kwa yuniti, ni 480 kwa usiku mmoja, 2,400 kwa siku zenu tano. Feni ya darini usiku kucha haifiki hata yuniti moja. Washeni AC saa moja kabla ya kulala, milango na madirisha yamefungwa, kisha zimeni mwashe feni. Desemba kuna upepo wa kaskazi, chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana kinapoa chenyewe.

Na ile shawa ya maji moto ya umeme. Inavuta kama kilowati 5. Watu tisa, dakika kumi kila mtu, ni yuniti saba na nusu kwa siku. Maji ya Mombasa Desemba yanatoka bombani yakiwa vuguvugu, zimeni swichi.

Rehema: Hiyo ya shawa sikuifikiria kabisa.

Juma: Mkifika pigeni picha ya mita, namba na salio linaloonekana. Tokeni nunueni wenyewe, Paybill 888880, akaunti ni namba ya mita. Msimpe mlinzi pesa akawanunulie.

Shangazi Mwanaisha: Maji ya bomba majumba mengi ya huko ni ya kisima, yana chumvi. Kuoga sawa, chai haiendi. Msinunue chupa ndogondogo dukani. Nitawapa madumu mawili ya lita 20, mkayajaze kwenye duka la kujazia maji.

Nuru: Chakula tupike au tule nje?

Shangazi Mwanaisha: Asubuhi nunueni, mchana nunueni kidogo, usiku pikeni. Mahamri na mbaazi za barabarani huwezi kuzishinda kwa bei ukihesabu gesi, nazi na jasho lako. Viazi karai jioni vilevile. Lakini chakula cha usiku cha watu tisa kwenye mkahawa wa ufukweni ndicho kitakachokula nauli yenu ya kurudi.

Vitu vya kupika nendeni soko la Kongowea mapema, si duka la karibu na hoteli. Nazi, ndizi, maembe, mchicha, vyote vinashuka hapo. Nendeni wawili tu, mmoja wa kuchagua na mmoja wa kubeba. Mkienda tisa bei inapanda.

Samaki nunueni asubuhi kwa mvuvi, kwa kilo na mizani mbele yenu. Msikubali “hii fungu”. Changu na tafi ni wa kukaanga, nguru ni ghali lakini hana mifupa mingi ya kuwasumbua watoto. Jicho liwe angavu, shavu la ndani jekundu. Kama mvuvi anataka kukuparia bure mpe, kama anatoza paria mwenyewe.

Juma: Baharini kuna wale vijana wa boti.

Shangazi Mwanaisha: Boti yenye kioo chini inakodishwa nzima. Watakuambia bei ya mtu mmoja, nyinyi ulizeni bei ya boti, kwenda na kurudi, na muda gani. Ulizeni pia kama ada ya hifadhi ya bahari ya KWS, shirika la wanyamapori, imo au mnalipa mbali. Hapo ndipo ugomvi huanzia mkiwa tayari majini. Lipeni nusu, nusu mkirudi nchi kavu.

Na msiende siku yoyote tu. Tazameni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hupwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi, matumbawe yanaonekana na fungu la mchanga linatokeza. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, utalipa pesa ileile kutazama maji ya kijani.

Ami Twaha: Wabebe vitambulisho Fort Jesus na kila penye kiingilio. Bei ya raia na ya mgeni haziko karibu kabisa.

Shangazi Mwanaisha: Wakitaka Diani siku moja wasikodi gari la kuvuka. Kivuko cha Likoni abiria wa miguu halipi. Vukeni kwa miguu, matatu za Ukunda ziko ng’ambo. Foleni ya magari Desemba ni ya kukaa. Simu ziwe ndani ya nguo wakati wa kushuka.

Rehema: Pesa tubebe mkononi au kwenye simu?

Juma: Simu, lakini mtoe kwa akili. Kwa wakala, kutoa 500 kunakatwa 29. Kutoa 2,500 pia kunakatwa 29. Ukitoa 500 mara tano umelipa 145 badala ya 29. Kutoa 10,000 mara moja ni 115. Kwa hiyo mmoja atoe ya soko na nauli kwa mkupuo, asubuhi ya kwanza. Dukani lipeni kwa Till ya Buy Goods, mlipaji hakatwi kitu. Ukimtumia muuzaji kwenye namba yake, wewe ndiye unayekatwa.

Nuru: Na tusitumiane sisi kwa sisi. Watu wanatumiana 200 ya soda, 300 ya boda, kila mara inakatwa.

Juma: Sahihi. Rehema ashike mfuko, kila mtu atume mchango wake mara moja kabla ya safari. Aandike matumizi hapa kila usiku.

Rehema: Nakubali, ila asiniulize mtu saa sita usiku pesa ya soda ilikwenda wapi 😅

Sasa nataka, leo kabla ya magharibi: namba za vitambulisho za wakubwa sita, majina kama yalivyo kwenye kadi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu mnipigie picha. Ami, uwe karibu na simu, nikikwama kwenye *639# nitakupigia. Shangazi, mahali pa ile nyumba nakutumia sasa hivi.

Shangazi Mwanaisha: Nitakwenda kesho baada ya adhuhuri, jua likiwa kali. Nataka kujua vyumba vya magharibi vina joto kiasi gani kabla mwenye nyumba hajatutajia bei ya AC.

Bi Zuhura: Kitambulisho changu kiko kwa Juma

Juma: Ninacho bibi, namtumia Rehema.