Sola ya shule ya bweni: isiyo na betri, haibridi ya lithiamu au betri za jeli?

bursa_singida
Wakuu habari za jioni. Nipo upande wa fedha shule moja binafsi ya bweni huku Singida, luku inatula kama laki tisa kwa mwezi na bado umeme ukikatika usiku inabidi tuwashe jenereta watoto wamalizie prepu. Bodi imekubali sola, nimeletewa kotesheni tatu na kila mmoja anaapa ya kwake ndo yenyewe.

A: paneli 36 za wati 550, inveta ya kuunga na TANESCO, haina betri kabisa. Ndo bei ya chini.
B: haibridi (inachanganya sola, betri na TANESCO) kilowati 15, paneli 28, betri 6 za lithiamu za uniti 5.12 kila moja. Bei karibu mara mbili ya A.
C: paneli 28, betri 24 za jeli za voti 12, 200Ah. Bei ipo katikati.

Matumizi: taa za madarasa na mabweni, chumba cha kompyuta, ofisi, pampu ya kisima kilowati 5.5, na taa za ulinzi mpaka asubuhi. Kupika ni kuni. Mngekuwa nyie mngechukua ipi? Na msinijibu "inategemea" tafadhali 😅

mtaa_wa_pili
Umeme siku hizi upo, bwawa la Nyerere limekamilika megawati 2,115 zote hizo, ya nini kuhangaika na paneli? Hiyo hela jengeni bweni.

fundi_waya
@mtaa_wa_pili bwawa lipo Rufiji, nguzo iliyoliwa na mchwa ipo mtaani kwake. Kuzalisha mbali na kufikisha mbali, tawi likiangukia waya hata megawati elfu kumi hazikusaidii.

@bursa_singida A hapana. Hapo ndo taasisi nyingi zinaingizwa mkenge. Inveta ya kuunga na gridi isiyokuwa na betri, TANESCO wakikata nayo inazima, hata liwe jua la utosi paneli zote 36 zinakaa tu. Haijaharibika, imetengenezwa hivyo makusudi isirudishe umeme kwenye laini wakati kuna mtu yupo juu ya nguzo anajua laini imekufa. Sasa wewe shida yako ni prepu usiku, A inakusaidia nini?

Halafu tupige hesabu. Kama mpo T1 (kundi la matumizi ya kawaida) uniti ni shilingi 292, weka asilimia za juu yake: VAT 18, REA (umeme vijijini) 3, EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, inafika 356. Laki tisa gawa kwa 356 ni uniti 2,500 na kitu kwa mwezi, yaani kama 84 kwa siku. Paneli 36 ni kilowati 19.8, jua la Singida ukilihesabu masaa matano na nusu ya nguvu kwa siku, ukitoa upotevu wa joto, vumbi na waya unapata uniti 80 na ushee. Muuzaji anakuchorea grafu inaonyesha 80 kwa 84, unaona umemaliza kazi, kumbe matumizi yenu mengi ni usiku na paneli zinazalisha mchana. Na likizo ya Juni na Desemba watoto hawapo, hizo uniti anatumia nani?

Niambie taa za ulinzi ni ngapi na za wati ngapi.

nakuru_stima
Huku kwetu Kenya A inaeza make sense kidogo kwa sababu ya zile regulesheni za 2024, ukisukuma stima ya ziada kwa gridi unapewa kredit nusu, yaani uniti moja unarudishiwa 0.5, mwisho megawati moja. Strathmore walishaweka kilowati 600 kwa paa zao tangu 2014 na ni chuo, mchana ndio kuna watu, AC, kompyuta, lifti. Bording ni kitu tofauti kabisa, msiende kukopi mradi wa chuo cha mjini mkaupeleka kwa bweni.

fundi_waya
Hata Bongo kanuni za kuuza ziada EWURA walishazitoa 2018. Ila usiweke hayo mapato kwenye hesabu za bodi mpaka TANESCO mkoa wakupe mkataba mkononi, neno la mdomo la muuzaji halina mita.

bursa_singida
Nimetoka kuzunguka na mlinzi. Taa za ulinzi 16, zile ndefu za haloji, imeandikwa 150W. Zinawashwa saa 12 jioni zinazimwa saa 12 asubuhi.

fundi_waya
Umeona sasa!! 16 mara 150 ni wati 2,400, mara masaa 12 ni uniti 28.8 kila usiku. Mara 356, mara siku 30, ni kama laki tatu kwa mwezi. Theluthi ya bili yenu inaangaza uzio. Na betri 6 za lithiamu za kwenye B ukizitumia mpaka asilimia 90 zinatoa uniti 27 na kitu, maana yake taa za uzio peke yake zinazimaliza zote na bweni halijawaka hata balbu moja.

Nunueni LED za wati 30, 16 hizohizo, zinakula uniti 5.8 kwa usiku. Fanyeni hivyo wiki hii kabla hamjasaini chochote. Hakuna kati ya hao watatu aliyewaambia hilo kwa sababu hakuna anayeuza taa, wanauza betri.

mhudumu_wa_zahanati
Aisee hii hesabu nimeiseviwa. Nimeisevu, simu inanichezea 😂 Sisi zahanati yetu sola ilikuja na jokofu la chanjo lisilo na betri kabisa, paneli zinapiga moja kwa moja kwenye kompresa mchana linagandisha barafu kwenye kuta, usiku barafu ndo inashikilia ile nyuzi 2 mpaka 8. Hata siku ya mawingu linavumilia. Sikujua kama kuna vitu vinaweza kwenda bila betri mpaka nilipoliona hilo.

fundi_waya
Ndo hapohapo nilitaka kufika na pampu ya kisima. Itoeni kwenye mfumo mzima. Pampu ya 5.5 fungieni inveta yake ya pampu, paneli zake kama 15 hivi, bila betri, inasukuma maji toka asubuhi mpaka jioni. Tangi ndo betri ya bei chee kuliko zote, ongezeni simtanki mbili. Jua likififia inapunguza mwendo yenyewe, likirudi inaongeza, na kwa vile inaanza polepole hamna ule mshtuko wa mota kuvuta mara tano sita ya umeme wake inapowashwa, mshtuko ambao ndo unamfanya muuzaji akuwekee inveta kubwa ya bei mbaya.

Tahadhari moja hapo, paneli 15 zikiungwa mfululizo ni zaidi ya voti 700 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri). Nimeshakuta fundi ameweka breka ya AC (ya umeme kama wa TANESCO) upande wa paneli. Ile ukiizima yenye mzigo, moto unaruka kati ya meno yake na hauzimiki, kwenye DC hakuna ile sekunde umeme unapita sifuri. Breka iandikwe DC na voti zake zizidi za paneli zikiwa baridi asubuhi. Mkandarasi asiyeelewa unachomuuliza hapo mpe chai aende. Leseni ya EWURA muombe pia, akuonyeshe.

mashine_kahama
Samahani kudandia uzi, na mashine ya kusaga horsepower 15 inakubali hivyo?

fundi_waya
Inakubali ila siipendi. Maji hata yakija polepole ni maji. Mashine ya nyundo ikipunguza mwendo unga unatoka chenga na mteja anaenda kwa jirani, wingu likipita mahindi yamejaa ndani inasimama. Kwako tafuta inveta inayochanganya sola na TANESCO, jua likipungua TANESCO anajazia.

bursa_singida
Sawa, A imeondoka. Sasa kati ya B na C? Mwenyekiti wa bodi anaipenda C, anasema betri 24 ni nyingi kuliko 6.

paje_kusini
Mwambie mwenyekiti aje Unguja nimuoneshe stoo yetu 😄 Sie hoteli, na ukizingatia umeme wetu unakuja kwa waya chini ya bahari, mwaka 2008 tulikaa kizani kama mwezi, tena mwisho wa 2009 miezi mitatu, hapo ndo kila mtu akajifunza betri. Za jeli 24, voti 48, ni nne nne mistari sita. Moja katika msitari ikichoka inaziburura wenziwe, ukibadilisha moja mpya inakufa haraka kwa sababu ya zile kongwe. Na hapa joto tele, kila nyuzi kumi juu ya 25 umri unakatika nusu.

fundi_waya
Na wingi wenyewe ni wa macho. 24 za jeli ni uniti 57.6 kwa karatasi, ila ukitaka zidumu usizishushe chini ya nusu, zinabaki 28.8. Lithiamu sita ni 30.7, unatumia 27 na kitu. Unaona zimelingana? Tofauti ni kwamba jeli kwa matumizi ya kila usiku mtaanza kubadilisha mwaka wa tatu wa nne, lithiamu nzuri inafika kumi. Hapo C ndo ya ghali.

Kwahiyo mimi: LED kwanza, pampu pembeni, halafu B iliyopunguzwa, betri 4 badala ya 6, inveta inayoruhusu kuongeza baadaye. Jenereta msiuze, kuna wiki ya masika jua halitoki. Ila lita moja ya dizeli inatoa uniti tatu hivi kwa jenereta yenye afya, hata ukiiweka 2,800 ni zaidi ya 900 kwa uniti, iwe ya dharura tu.

mtaa_wa_pili
Paa litabeba? Maana shule nyingi kenchi ni za mkataba wa bei rahisi.

fundi_waya
Leo umeuliza la maana. Paneli moja ya 550 ni kilo 28 hivi, 28 ni karibu kilo mia nane bila chuma zake. Fundi seremala apande akague mbao kabla. Zielekee kaskazini, mlalo nyuzi 10 mpaka 15 mvua iweze kuziosha. Za pampu zikae chini kwenye fremu karibu na kisima, na nati za kuzuia wizi.

bursa_singida
Asanteni sana. Nimempigia wa B nikamwambia atoe pampu na apunguze betri, kasema mfumo wao ni kifurushi haupunguzwi, na anataka asilimia 80 kabla ya mzigo kufika.

fundi_waya
Mpigie wa C, mwambie unataka lithiamu 4. Atakuja kesho asubuhi.