Jiko limeandikwa wati 1500 nikipima sifikishi hata 1200, shida ni jiko au umeme?

MamaSupu_Mikindani
Habari zenu wadau, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya umeme. Nipo Mikindani, nauza supu ya pweza jioni, jiko langu la koili moja, kwenye kibandiko pameandikwa 230V 1500W. Siku hizi sufuria inachelewa kuchemka mpaka wateja wanachoka kusubiri wanaondoka. Jana shemeji kaja na mita yake ile ya kubana waya kapima, soketi ikiwa haina kitu inasoma volti 222, tukiwasha jiko inashuka mpaka 199 na ampia zinakuja 5.6. Yeye anasema jiko feki ninunue lingine. Kabla sijatoa hela nataka kujua, kwa hizo namba jiko linakula wati ngapi na ubovu uko wapi?

Fundi_Masasi
Salama dada. Asante kwa kuleta namba, wengi wanakuja na "umeme mdogo" basi. Wati ni volti mara ampia, kwahiyo 199 x 5.6 = 1114. Ukinzani wa koili, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, ni volti gawanya kwa ampia, 199 / 5.6 = omu 35.5.
Sasa linganisha na kibandiko. Jiko la wati 1500 kwenye volti 230 linatakiwa liwe na ukinzani wa 230 x 230 / 1500, yaani omu 35.3. Umeona zinavyofanana? Jiko lako zima kabisa, usinunue lingine.

kijana_wa_chuno
Mi najua umeme ukiwa mdogo kifaa kinavuta ampia nyingi zaidi ili kufidia, ndo maana uniti zinaisha haraka. Hapo dai umeme wa uhakika tu.

Fundi_Masasi
Kaka hiyo ni kwa mota iliyobeba mzigo, pampu ya maji kwa mfano, volti zikishuka sana inajilazimisha inavuta ampia nyingi mpaka inaungua. Koili haina akili hiyo, ukinzani wake haubadiliki sana, volti zikipungua na ampia zinapungua hapohapo. Ndo maana wati zinaporomoka kuliko volti zenyewe, volti zikishuka asilimia 10 wati zinashuka kama 19. Dada umetoka 230 kwenda 199 umepoteza robo ya moto, lazima supu ichelewe.

Lindi_Kwetu
Naongezea hapo kwenye kushuka toka 222 mpaka 199 maana ndo penye jibu. Hizo volti 23 zimeliwa njiani kabla ya kufika kwenye jiko. Zizidishe kwa ampia, 23 x 5.6 ni kama wati 129. Huo ni moto unaotoka mahali fulani kwenye waya au jointi yako dada, na kama ni waya mrefu wote umegawana moto huo hamna neno kubwa, ila kama ni sehemu moja tu, skrubu iliyolegea kwa mfano, wati mia na kitu kwenye kichwa cha skrubu zinayeyusha soketi na zinaweza kuchoma nyumba.
Mwambie shemeji awashe jiko tena, safari hii apime volti pale meni swichi jiko likiwa LINAWAKA. Kama pale pia ni 199 tatizo liko nje, wapigie wenye umeme. Kama pale ziko juu, tatizo ni lako ndani, na huo moto unapita kwenye luku yako unaulipia. Kuna harufu au plagi inapata moto?

MamaSupu_Mikindani
Plagi inapata moto ndiyo, nikichomoa inaunguza vidole, nikajua ni kawaida ya jiko. Shemeji kapima sasa hivi, meni swichi inasoma 218 jiko likiwaka.

Lindi_Kwetu
Zima hilo jiko dada, usipikie hapo leo. 218 kutoa 199 ni volti 19, ni wati 106 zinaungua humo ndani kwako. Azime meni swichi kwanza ndo afungue soketi. Huku pwani chumvi ya bahari inakula shaba, utakuta kutu ya kijani.

MamaSupu_Mikindani
Wadau Mungu awabariki. Tumefungua, skrubu moja nyeusi tii, plastiki imekunjamana kama mfuko uliopita motoni, na waya una ukijani kweli. Shemeji kakata ile sehemu mbovu kaweka soketi mpya na plagi mpya, sasa jiko likiwaka ni volti 216 na ampia 6.1.

Fundi_Masasi
216 x 6.1 = wati 1318, umeongeza wati 200 kwa bei ya soketi. Hizo 1500 utaziona siku volti zikifika 230 pale kwenye soketi. Mkaze skrubu kila baada ya miezi michache, meni swichi ikiwa imezimwa.

kijana_wa_chuno
Hapa nimeelewa. Sasa friji langu nimepima volti 220 ampia 1.1, nikizidisha napata 242 ila kibandiko kinasema wati 150, nalo lina jointi mbovu?

Fundi_Masasi
Hapana kaka, friji ni mota. Kwenye mota ampia na volti haziendi sambamba, moja inachelewa nyuma ya nyingine, kwahiyo volti mara ampia haikupi wati halisi, inabidi uzidishe tena na paua fakta, yaani ile sehemu ya hesabu hiyo ambayo ni wati halisi. Kwako 150 / 242 ni kama 0.62, kwa friji dogo ni kawaida tu. Luku ya nyumbani inahesabu zile wati halisi. Ukitaka kujua jointi fanya kama alivyofanya dada, pima soketi friji likiwa limezima na likiwa linanguruma, zikishuka volti moja mbili usiwe na wasiwasi. Na ile mita ubane waya mmoja tu, ukibana nyaya zote mbili pamoja itakusomea sifuri.