Nani kawaroga mameneja wa NFL na huku "kupanda juu" kwenye drafti?

Wakuu, kila Aprili kwenye drafti ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), timu zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, raundi baada ya raundi, ni yaleyale. Timu ina mashimo sita kikosini, meneja anamwona kijana wa chuo anarusha mpira akiwa kavaa kaptula, hakuna hata beki mmoja wa kumkimbiza, anachanganyikiwa na kugawa machaguo (zamu zake za kuchagua) ya miaka miwili mbele ili "apande juu", yaani apate zamu ya mapema zaidi ya timu nyingine. Halafu mashabiki waambiwe wawe na subira. Subira ya nini?

Carolina 2023 ndiyo kituko cha karne. Zamu yao ilikuwa namba 9, wakataka namba 1 ya Chicago. Wakatoa namba 9, namba 61, chaguo la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025 na DJ Moore, mpokeaji wao bora! Yaani unamleta kwotabeki (mrusha mpira mkuu) Bryce Young huku umeshamwondoa mtu wa kumdakia. Ukuta wa mbele, wale watano wanaomlinda kwotabeki, ukavuja, kijana akaangushwa mara 62, kocha Frank Reich akatimuliwa baada ya mechi 11, timu ikamaliza 2-15 (ushindi 2, vipigo 15). Rekodi mbovu kuliko zote ndiyo inayoleta namba 1, kwa hiyo lile chaguo la 2024 walilolitupia kama nyongeza likawa namba 1, Chicago wakajibebea Caleb Williams. Wamenunua namba 1 kwa namba 1, na bado wakaongeza vitu vingine juu yake.

Ugonjwa unaanzia kwenye jedwali la Jimmy Johnson, kocha wa Dallas wakati huo, la mwanzoni mwa miaka ya 1990, linalopa kila chaguo bei yake kwa pointi. Namba 1 ni pointi 3,000, namba 2 ni 2,600. Hizo 400 za katikati ni sawa na chaguo namba 50 zima! Wachumi Massey na Thaler walishapima: anayechaguliwa mapema humzidi anayefuata wa nafasi yake ya uchezaji mara 52 hivi kati ya 100. Hiyo ni kurusha shilingi, na watu wanailipia bei ya nyumba.

Kosa baya zaidi ni desturi ya kuhesabu raundi ya kwanza ya mwakani kana kwamba ni raundi ya pili ya leo. Ni riba ya kausha damu! Ila meneja anayejua kibarua chake kinaweza kuota nyasi Januari hajali, deni atalipa mrithi wake. San Francisco 2021 walitoka namba 12 (pointi 1,200) kwenda namba 3 (pointi 2,200). Pengo ni 1,000, yaani namba 16 moja tu. Wao wakaongeza raundi ya kwanza mbili, za 2022 na 2023, na raundi ya tatu juu. Kwotabeki waliyemchukua, Trey Lance, akaanza mechi nne, kisha akauzwa Dallas kwa raundi ya nne. Aliyewaokoa ni kwotabeki Brock Purdy, chaguo la 262, wa mwisho kabisa 2022.

Kabla ya kunyanyua simu, raundi ya kwanza ya mwakani ihesabiwe bei kamili, tena kwa kudhani msimu utakuwa mbovu. Watano wa ukuta wa mbele wawe na mikataba. Ukidaiwa zaidi ya raundi ya kwanza moja ya baadaye, kata simu, na akija mwingine anayehaha kupanda, muuzie wewe.

Kupanda kwa akili kupo. Baltimore 2018 walitoa namba 52, namba 125 na raundi ya pili ya 2019, Philadelphia wakawapa namba 32 na 132. Kwa nini 32 na si 33? Kwa sababu 32 ndiyo ya mwisho ya raundi ya kwanza, na raundi ya kwanza pekee ndiyo huipa klabu haki ya kuongeza mwaka wa tano kwenye mkataba. Wakamchukua kwotabeki Lamar Jackson.

*Jibu:* Mkuu, na Houston 2023 je? Walipanda hadi namba 3 kumchukua mlinzi Will Anderson, wakala bingo.

*Mleta uzi:* Soma vizuri, mkuu. Kwotabeki wao CJ Stroud walimchukua kwa namba 2 yao wenyewe, hawakupanda. Raundi ya kwanza ya 2024 walikuwa nazo mbili, yao na ya Cleveland, wakatoa moja. Carolina walikuwa na ipi ya akiba?