Shule yetu ina projekta, kompyuta na vishikwambi, lakini bado ni chaki tupu. Tuanzie wapi?

MwlFizikia_Singida

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha fizikia na hisabati katika sekondari ya kata mkoani Singida. Umeme wa REA upo, unakatika lakini upo. Tuna kompyuta tano za mezani tulizoletewa kama msaada, projekta moja, na kila mwalimu ana kishikwambi, vile vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022.

Kompyuta zimefungiwa stoo. Projekta hutoka siku ya mahafali, ikaonyesha picha za wahitimu, ikarudi kwenye boksi lake. Vishikwambi tunavitumia kwa makundi ya WhatsApp na kujaza taarifa za ofisini. Darasani nina wanafunzi zaidi ya sabini, na maabara yetu ni meza tu, vifaa hakuna. Nawachorea wimbi ubaoni, wananakili, na mtihani ukija wanaandika nilichochora bila kukielewa. Inaniuma kwa sababu vifaa vya kuwaonyesha vimo hatua chache kutoka pale ninaposimama.

Sitafuti mfadhili wala kifaa kipya. Naomba kujua mliofanikiwa mlianza na nini, kwa vitu hivi hivi.

ChakiNaWaya

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kuuliza. Mimi nipo Iringa, nafundisha kompyuta na kusaidia walimu wa sayansi.

Wengi huanza kwa semina ya "matumizi ya kompyuta", walimu wanafundishwa kuandika barua na kuchora jedwali, wanarudi darasani na chaki yao. Anza na mada. Jiulize ni mada ipi ambayo ubao unakushinda kabisa, halafu kifaa kiingie hapo peke yake. Mada ambayo ubao unaitosha, iache na ubao.

Kwa fizikia tafuta PhET. Ni majaribio ya kwenye skrini yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na ni bure. Mwanafunzi anaunga betri, waya na balbu, anaona mkondo unavyotembea, akiongeza balbu nyingine kwenye mstari huo huo anaona mwanga unavyopungua. Kila jaribio unalipakua kama faili moja na linafunguka kwenye kivinjari bila bando. Ukienda mjini wikiendi, pakua yale ya mada za muhula huu, weka kwenye flashi, gawia wenzako.

Mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa kidato cha kwanza waliotoka darasa la saba wakisoma kwa Kiswahili, hilo si jambo dogo. Waonyeshe kwanza kwa Kiswahili waelewe kinachotokea, kisha ufungue lile la Kiingereza uwape maneno watakayoyakuta kwenye mtihani. Nimeona watoto waliokuwa kimya mwaka mzima wakianza kubishana kwa nini balbu ya pili imefifia.

MkuuMstaafu

Kijana wangu, kabla hujafika kwenye majaribio, zungumza na mkuu wako wa shule kuhusu ufunguo wa stoo. Nimekuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, najua kinachomfanya afunge. Vile vifaa vimeandikwa kwenye leja kwa jina la shule na yeye ndiye msimamizi. Kikipotea, ataulizwa yeye. Usimwone adui wa maendeleo.

Mwendee na daftari mkononi. Liwe na safu za jina la kifaa, mwalimu anayekichukua, saa ya kutoka, saa ya kurudi, hali yake na sahihi mbili. Pendekeza mwalimu mmoja awe msimamizi wa vifaa, na mwanafunzi mmoja wa kila darasa amsaidie kubeba na kufunga. Jambo hilo lipitishwe kwenye kikao cha walimu liingie kwenye muhtasari. Mkuu akishaona kuna maandishi ya kumlinda, mlango utafunguka.

Halafu muombe mwalimu wa taaluma aingize vipindi vya projekta kwenye ratiba ya shule. Kisichokuwa kwenye ratiba hakifanyiki.

Ng'wana_Shinyanga

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Darasa la watoto sabini, vitabu havitoshi, maabara haina hata mizani, halafu tunajadili skrini? Peru waligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto. Watafiti walipozilinganisha shule zilizopata na zisizopata, hawakuona tofauti kwenye alama za hisabati na lugha. Nchi nzima ilitumia fedha, na mtoto hakusogea. Walimu wetu wanahitaji kupumuzishwa mzigo, si kuongezewa.

Mwalimu_Kitui

Salamu kutoka Kenya. Ndugu wa Shinyanga ana hoja na sitaipinga. Huku kwetu mradi wa serikali ulianza 2016, tableti zikaletwa kwa watoto wa darasa la kwanza, pamoja na kompyuta za walimu na projekta. Nimezunguka shule kadhaa. Kuna ambako zilikaa kwenye kabati la chuma hadi betri zikafa, na kuna ambako bado zinafanya kazi. Nilichokiona kikitofautisha shule hizo ni kama walimu walikuwa na muda wa kukaa pamoja kuandaa vipindi. Pale ambapo mwalimu mmoja aliyependa vifaa aliachiwa kila kitu, alipohamishwa vyote vilihama naye.

Kwa hiyo mwalimu wa Singida, usifanye peke yako. Tafuta hata wenzako wawili.

MwlFizikia_Singida

Asanteni sana. Mzee MkuuMstaafu, la daftari nalifanyia kazi wiki hii, shikamoo. Ndugu wa Shinyanga, nakuelewa kabisa. Vitabu ni haki yao na tunaendelea kuvidai. Ila hivi vifaa vimeshanunuliwa, na vikiendelea kukaa stoo hakuna mtoto atakayepata kitabu kwa sababu hiyo.

Wenzangu wa Jumuiya ya Ujifunzaji hapa shuleni wamekubali tutumie vikao vyetu vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kuandaa vipindi badala ya kusomeana makabrasha. Swali langu sasa ni vishikwambi. Vinaweza kusaidia kwenye majaribio halisi, si ya skrini? Kidato cha nne wanaingia mada ya mawimbi na sina kifaa hata kimoja cha kupimia sauti.

Bi_Maabara

Kaka, hapo umenigusa, mimi ni fundi sanifu wa maabara. Unacho kifaa ila hujakitambua. Pakua programu ya phyphox, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Inatumia vihisi vilivyomo ndani ya simu au kishikwambi: kipaza sauti, kihisi mwendo, na vingine kutegemea kifaa.

Kasi ya sauti fanya hivi. Weka vishikwambi viwili umbali wa mita 10, nje, mahali patulivu. Kwenye vyote fungua saa inayowashwa na kuzimwa na sauti. Mwanafunzi A anasimama karibu kabisa na kifaa chake, anapiga kofi moja kali. Saa yake inaanza papo hapo, ya B inaanza baadaye kidogo kwa sababu sauti lazima isafiri. Kisha B naye anapiga kofi akiwa karibu na kifaa chake. Saa ya B inasimama papo hapo, ya A inachelewa tena. Toa muda wa B kwenye muda wa A. Tofauti hiyo ni muda wa sauti kwenda mita 20.

Kwa joto la kwetu utapata kama sekunde 0.058. Gawanya 20 kwa hiyo, unapata karibu mita 345 kwa sekunde, na kitabuni wanakuta namba ya jirani na hiyo. Rudieni mara kadhaa mchukue wastani. Zile saa zikiwaka ovyo kwa kelele, pandisha kiwango cha sauti kinachoziwasha. Watoto wengine wapime umbali kwa tepu, wengine waandike matokeo, wengine wanyamazishe uwanja. Kwa darasa la sabini gawa makundi, azima vishikwambi vya wenzako, ndiyo maana wasiwe nje ya mpango.

Mwanafunzi aliyepiga kofi lake mwenyewe akaipata ile namba haisahau, nakuhakikishia.

FundiDom

Nyongeza ya kiufundi kwa ile projekta iliyokaa muda mrefu. Kabla ya kuiwasha fungua kichujio cha hewa, pangusa vumbi kwa brashi laini, maana ikikosa hewa itajizima katikati ya kipindi na taa yake itakufa mapema. Ukimaliza, izime kwa kitufe chake usubiri feni isimame ndipo uchomoe waya. Kama umeme wenu unapanda na kushuka, usiichomeke moja kwa moja ukutani, tafuteni stabilaiza.

Kompyuta za mezani, angalia kama zina waya unaoingia kwenye projekta hiyo. Za zamani zina tundu la VGA, projekta nyingi mpya zinataka HDMI, na shule nyingi hukwama kwa kukosa kiunganishi kidogo tu. Piga picha matundu ya pande zote mbili uende nazo dukani. Dirishani wekeni vitenge vizito au makaratasi ya boksi, mkizuia jua upande wa ubao tu inatosha.

MwlFizikia_Singida

Nimepiga picha matundu. Kompyuta ni VGA, projekta ina yote mawili. Bi_Maabara, tukimaliza jaribio la makofi nitaleta hapa vipimo vya kila kundi, hata vile vilivyokosea, utusaidie kuona kosa limetokea wapi.